Kuunda mashua ya mvuke ya sentimita 70 kwa vifaa vya Bukavu

Mashua inayoelezwa hapa ina urefu wa sm 70, upana wa sm 16 na uzito wa karibu kilo 2 ikiwa imebeba maji na spiriti yake. Inaendeshwa na injini ya silinda moja, tundu la mm 10 na mwendo wa pistoni wa mm 16, na boila ya shaba nyekundu yenye mililita 150 za maji. Ikitengenezwa vizuri huelea na kusukuma maji kwa dakika 20 hivi, kwa mwendo wa mtu anayetembea polepole sana. Vipimo vimepangwa kwa kufuata vitu vinavyopatikana mjini: tiyo (mabomba ya shaba) na fimbo za kuunganishia kwa mafundi wa frigo, shaba njano kwa wauza vyuma chakavu wa Kadutu, vipande vya inoksi (chuma kisichoshika kutu) kwa wanaochomelea milango, na springi kwa watengeneza pikipiki. Kazi ya kukereza chuma ni ndogo. Fundi mwenye mashine ya kukereza huimaliza kwa asubuhi moja ukimpelekea mchoro wenye vipimo kamili.

Anza na injini, si boila. Injini unaweza kuijaribu kwa hewa ya pampu bila moto na bila hatari, na yenyewe ndiyo itakayoonyesha mvuke unaohitajika ni kiasi gani. Anayeanza na boila mara nyingi huishia na injini inayokula mvuke kuliko ule unaozalishwa, na kufikia hapo shaba imeshakatwa.

Injini ya silinda inayoyumba

Injini hii haina vali ya pembeni. Silinda nzima hucheza kushoto na kulia juu ya pini moja, na ubavu wake bapa husuguana na bamba la nguzo. Ubavuni mwa silinda pana tundu moja. Kwenye nguzo yapo mawili, moja la kuingiza mvuke na jingine la kuutoa. Silinda ikiinama upande mmoja, tundu lake hukutana na la kuingizia na pistoni husukumwa chini. Ikiinama upande wa pili, hukutana na la kutolea na mvuke uliokwisha kazi hutoka. Vinavyodai usahihi mkubwa ni viwili tu: uso bapa unaosuguana, na mahali pa yale matundu matatu.

Vipimo ni hivi:

- Silinda: shaba njano, nje mm 14, tundu mm 10, urefu mm 28. Chini iko wazi. Juu ina kifuniko cha mm 3 chenye mdomo wa mm 1 unaoingia ndani ya tundu.
- Bamba la ubavu: shaba njano mm 14 × 28, unene mm 5, limelehemiwa kwa fedha ubavuni mwa silinda.
- Pini ya kuyumbia: mm 3, imefungwa kwa nyuzi ndani ya bamba, mm 15 kutoka chini ya silinda.
- Tundu la mvuke la silinda: mm 2, liko mm 11 juu ya pini.
- Pistoni: urefu mm 8, ina mfereji katikati wa upana wa mm 1.5 na kina cha mm 1.
- Fimbo ya pistoni: inoksi mm 3. Kutoka katikati ya pini ya krenki hadi juu ya pistoni pawe mm 42.
- Nguzo: shaba njano mm 30 × 88, unene mm 5. Tundu la ekseli liko mm 26 kutoka chini, na tundu la pini ya kuyumbia liko mm 40 juu ya ekseli.
- Kisahani cha krenki, kinachogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko wa ekseli: kipenyo mm 22, unene mm 5, pini yake ya mm 3 iko mm 8 kutoka katikati.
- Gurudumu zito: chuma, kipenyo mm 45, unene mm 12.

Kwa ekseli tafuta printa mbovu. Vile vyuma vinavyobeba kichwa cha wino vimenyooka na kung'arishwa kuliko chuma chochote cha dukani, na cha mm 5 au 6 kinatosha. Lehemu kikombe cha shaba njano cha urefu wa mm 15 kwenye tundu la ekseli, kwa maana unene wa mm 5 wa nguzo peke yake hautaishikilia ekseli isicheze.

Pini ya kuyumbia isitoboe hadi ndani ya silinda. Bamba na ukuta wa silinda vina mm 7 kwa jumla, nawe chonga nyuzi za mm 4 tu. Ukipitiliza, pistoni itakwama hapo hapo na hakuna dawa ila kutengeneza silinda nyingine.

Matundu ya nguzo usiyapime kwa jicho. Kata utepe wa bati wa urefu wa mm 70, chora mstari ulionyooka katikati yake, toboa tundu la mm 3 juu ya mstari huo, kisha la mm 2 lililo mm 11 kutoka hapo. Kwenye nguzo, chora mduara wa nusu kipenyo cha mm 8 kuzunguka tundu la ekseli. Huo ndio mzunguko wa krenki. Funga utepe kwenye tundu la kuyumbia kwa pini, uuzungushe mpaka mstari wake uguse mduara ule upande wa kulia bila kuukata, ubane, kisha toboa nguzo kupitia tundu la mm 2. Rudia upande wa kushoto. Utapata matundu mawili, kila moja mm 2.2 kutoka mstari wa katikati. Hesabu ikikaa sawa, silinda inaposimama wima tundu lake huangukia kati ya yale mawili na hubaki mm 0.2 za chuma kila upande. Zikikosekana hizo, mvuke hupita moja kwa moja kwenda nje, nawe utasikia mlio wa kupuliza na kuona gurudumu halina nguvu. Zikizidi, tundu hufunguka kwa muda mfupi mno na injini huzubaa.

Sasa uso bapa. Weka msasa namba 600 juu ya kioo cha dirisha, dondoshea mafuta, sugua bamba la silinda kwa kuzungusha namba nane, kisha ingia msasa 1000. Fanya vivyo hivyo kwa nguzo. Paka wino wa kalamu nene upande mmoja, kutanisha, yumbisha mara chache, kisha tazama. Panapobaki wino hapajagusana. Endelea mpaka eneo lote linalozunguka matundu liwe limefutika. Panua kidogo mdomo wa tundu la kuyumbia kwa ncha ya drili kubwa, kwani kuchonga nyuzi hunyanyua chuma kuzunguka pini na kile kijinundu kisichoonekana huzuia nyuso zisikutane. Katika injini zinazokataa kuzunguka, hiki ndicho kisa cha kwanza kukitafuta.

Pistoni iingie kwa uzito wake wenyewe ikiwa na mafuta, na ikwame ukiziba mdomo kwa kidole. Kwenye mfereji zungusha utepe mweupe wa mafundi bomba uliosokotwa kuwa uzi, ujaze bila kuvimba. Ukiukaza sana, injini itageuka vizuri ikiwa baridi na kukataa ikipata moto, kwa sababu utepe huo hutanuka kuliko shaba.

Upande wa pili wa nguzo, pini ya kuyumbia hupokea springi ndogo na nati. Springi ya kalamu ya wino inatosha ukiikata nusu. Kaza mpaka mvuke usivuje, kisha acha hapo. Springi hii ni kinga pia: maji yakiingia ndani ya silinda, silinda hujitenga na nguzo na kuyatema. Ukifunga nati ikabana moja kwa moja bila springi, maji yale yatakunja fimbo.

Jaribu injini kwa hewa. Kwa fundi wa magurudumu omba hewa ya kipimo cha bar 1, tia mafuta, zungusha gurudumu kwa kidole. Haitaanza yenyewe, maana mvuke husukuma nusu ya mzunguko tu na gurudumu ndilo linalobeba nusu ya pili. Iache izunguke nusu saa ili nyuso zizoeane. Injini nzuri huzunguka hata ukipuliza kwa mdomo. Ikizunguka kinyume na unavyotaka, badilisha tiyo ya kuingizia na ya kutolea. Hakuna kingine cha kugeuza.

Boila

Hapa ndipo penye hatari ya kweli, kwa hiyo tutakaa kidogo. Mvuke ulio kwenye bar 2 Bukavu una joto la karibu nyuzi 132. Boila ikipasuka, sehemu ya maji yale hugeuka mvuke kwa ghafla na mengine hurushwa yakiwa ya moto. Usitumie kopo la maziwa, chupa ya gesi ndogo, wala mtungi wa dawa ya kupuliza. Usitumie gundi ya epoksi mahali popote panapobeba mvuke. Usitumie risasi ya kawaida ya mafundi redio: huyeyuka karibu na nyuzi 183 na kuendelea, na siku maji yatakapopungua juu ya moto, maungio yatafunguka yenyewe.

Mwili wa boila ni tiyo ya shaba nyekundu ya nje mm 54, unene mm 1, urefu mm 110. Ndani yake mnaingia mililita 230 hivi, nasi tutajaza 150 tu ili mvuke upate nafasi. Lubumbashi, kwenye mji wa shaba, tiyo nene hupatikana kwa urahisi zaidi. Bukavu uliza kwa wanaobomoa mitambo ya zamani ya maji ya moto na viyoyozi vikubwa. Ukikosa mm 54, chukua mm 42 na uongeze urefu hadi mm 170.

Vifuniko vya miisho hukatwa kutoka bamba la shaba la mm 1.5, duara la mm 62. Chonga gogo la mti mgumu la kipenyo cha mm 49, lizungushie ukingo wa mviringo. Pasha duara la shaba mpaka liwe jekundu la giza, lizamishe majini, litakuwa laini. Libane juu ya gogo na ukunje ukingo wa mm 6 kwa nyundo ya mti, kidogo kidogo kuzunguka. Shaba ikianza kulia kwa mlio mkali chini ya nyundo, imekuwa ngumu tena. Rudisha motoni. Anayeendelea kugonga shaba ngumu hupata nyufa kwenye kona, na nyufa hizo hazizibiki kwa fedha.

Mwisho bapa ndio dhaifu kuliko mwili wa mviringo, kwa hiyo pitisha fimbo ya kushikilia kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, katikati: shaba nyekundu ya mm 4 au 5. Waya mnene wa umeme usiosukwa unafaa. Usiweke shaba njano hapa. Maji ya moto huinyonya zinki yake polepole, ikabaki sponji ambayo kwa nje inaonekana nzima.

Toboa matundu matatu juu ya mwili, kwa vikombe vya shaba vyenye nyuzi: cha kujazia chenye vali ya usalama, cha tiyo ya mvuke, na cha kipimo cha presha. Vikombe vikerezwe kwa bronzi kama ipo.

Kwa kuunganisha, fimbo za mafundi wa frigo ni za aina mbili na lazima ujue umeshika ipi. Zile za shaba na fosfori hushika shaba nyekundu kwa shaba nyekundu bila unga wowote. Kwa shaba njano zinahitaji unga wa boraksi, na kwa chuma hazifai kabisa, maungio huvunjika kama biskuti. Zile za fedha ya asilimia 40 hadi 45 huyeyuka kati ya nyuzi 640 na 700 na hushika vyote kwa unga wake. Fimbo kuukuu za fedha zenye kadmiamu ziache. Moshi wake huharibu mapafu. Kwa boila nzima tunapendelea fedha, ingawa bei yake ni kubwa, kwa sababu hutiririka ndani ya mwanya wote na unaona imetokea upande wa pili.

Kasoro inayowapata wengi ni joto pungufu. Shaba hukimbiza joto haraka, nawe utaelekeza moto wa gesi mahali pamoja huku boila nzima ikiunyonya. Dawa yake iko nyumbani: washa mbabula (jiko la makaa) iliyojaa makala, laza boila juu yake ikizungukwa na matofali, iache ifike wekundu wa giza, ndipo umalizie maungio kwa moto wa gesi. Gusisha fimbo kwenye shaba, si kwenye moto. Shaba ikiwa tayari, fedha hukimbia yenyewe kuzunguka ukingo. Ikijikusanya kuwa vitone, bado ni baridi au pana uchafu. Fanya kazi hii nje, penye hewa.

Ikishapoa mpaka weusi, itumbukize usiku mzima kwenye maji ya ndimu yaliyopashwa kidogo au asidi ya limau ya asilimia 10. Itatoka ya waridi, na hapo utaona kila tundu dogo lililobaki.

Vali ya usalama ni tundu la mm 3 lililofunikwa na gololi ya inoksi ya mm 5, ikikandamizwa na springi ya inoksi. Springi ya chuma cha kawaida hushika kutu na kuganda, na vali iliyoganda ni sawa na kukosa vali. Kwa bar 2, nguvu inayohitajika juu ya tundu hilo ni uzito wa gramu 145 hivi. Itege kwa kutumia kipimo, kisha funga nati yake ya pili ili isilegee wala isikazike.

Kipimo cha presha usikiunganishe moja kwa moja. Kunja tiyo yake iwe na tumbo kama herufi U; maji yatakaa humo na kukinga utumbo wa kipimo usipigwe na mvuke.

Sasa jaribio, na halina njia ya mkato. Jaza boila maji baridi mpaka hewa yote itoke, weka vizibo, ondoa vali ya usalama na uzibe tundu lake. Sukuma maji kwa pampu ya breki ya mbele ya pikipiki, ile ya mkononi, uliyoisafisha na ambayo haitarudi tena kwenye breki. Panda hadi bar 4, mara mbili ya kazi yake, na ushikilie dakika 15. Maji hayabanwi kama hewa, kwa hiyo boila ikiachia hapa hutoa tone na si kishindo. Usijaribu kwa hewa ya kompresa hata kidogo. Pima kipenyo na miisho kabla na baada. Ikiwa mwisho umevimba na haukurudi, haifai, hata kama haivuji.

Jaribio la pili ni la vali: moto wote ukiwaka, injini imefungwa, presha isipande zaidi ya asilimia 10 juu ya pale vali inapofungukia. Ikipanda, panua njia ya vali, usipunguze moto.

Moto, tiyo na mafuta

Kichomeo ni kitangi bapa cha shaba kilicho nje ya tanuri (ganda la bati linalozunguka moto na boila), na mrija unaopeleka spiriti kwenye vikombe vitatu vya kipenyo cha mm 10 na urefu wa mm 35 chini ya boila. Juu ya kitangi pawe chini ya midomo ya vikombe, la sivyo spiriti itafurika na mashua kuungua. Jaza vikombe kwa utambi wa jiko la mafuta au waya laini wa inoksi wa kusugulia sufuria. Kutoka utambi hadi boila acha mm 20 hadi 25. Ukikaribisha zaidi, mwali hupozwa na shaba kabla ya kuungua wote na utaona masizi.

Ufuo wa Ziwa Kivu, Bukavu, uko kwenye mita 1,460 hivi. Hewa yake ina msukumo wa kilopaskali 85 mahali pa 101 za pwani, kwa hiyo mwali hupata oksijeni pungufu. Toboa matundu mengi kuliko michoro ya ng'ambo inavyoonyesha: kwa tanuri hii, matundu 12 ya mm 8 kila ubavu. Tanuri lenyewe linakatwa kutoka kopo la maziwa ya unga. Bati la mapaa lenye zinki lisikaribie moto, na kamba kuukuu za amianti zisitumike kabisa.

Tumia spiriti ya asilimia 90 au zaidi. Ile ya asilimia 70 ya kusafishia vidonda, na kanyanga (pombe kali ya kienyeji) pia, zina maji mengi; mwali wake hauwezi kuishinda boila. Washa ukijua kuwa mwali wa spiriti hauonekani juani.

Tiyo ya mvuke iwe na tundu lisilopungua mm 3. Ile tiyo nyembamba kama sindano iliyo nyuma ya frigo inavutia kwa urahisi wa kukunjwa, lakini hunyonga injini. Iviringishie uzi wa pamba ili mvuke usipoe njiani.

Kati ya boila na injini weka kikopo cha mafuta cha mililita 5, kilichounganishwa na tiyo kwa kitundu cha mm 0.5. Mvuke kidogo huingia, hupoa kuwa maji, maji huzama chini na kunyanyua mafuta, nayo huingia kwenye mkondo tone kwa tone. Mafuta mazito ya gia, namba 140, yanafaa. Mafuta ya injini ya gari yana sabuni ndani yake. Yakikutana na maji huwa ute mweupe usiolainisha kitu.

Mvuke unaotoka injini upeleke kwanza kwenye kikopo kilichofungwa chenye bomba la kwenda kwenye dohani. Humo maji na mafuta vitabaki. Watu wengi hunywa na kuogea maji ya Kivu, na sambaza huvuliwa humo. Utando wa mafuta hauna ruhusa ya kufika ziwani, hata uwe mdogo kama sahani.

Mwili wa mashua

Bandika mbao nne za msonobari au sipresi, kila moja unene wa mm 22, moja juu ya nyingine, baada ya kuzitoboa katikati kwa msumeno wa umeme ili usichonge sana. Gundi iwe epoksi. Paka ndani na nje, hasa kwenye nyuzi za mbao za mwisho, ambako maji huingilia.

Uzito hukokotolewa kabla ya kukata: kila kilo huhitaji lita moja ya maji isukumwe. Kwa sm 70 kwa 16, na umbo linalojaza nusu ya kisanduku hicho, kilo 1.9 itazama sm 3.4. Anayetamani sura ya Liemba, ile meli ya Tanganyika iliyojengwa Papenburg mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen na kwenda kwa mvuke hadi miaka ya 1970, atakuta kuwa mita 71 kwa 10 zikipunguzwa mara 100 zinaacha upana wa sm 10. Boila hii juu ya upana huo itapindua mashua. Ongeza upana, au jenga mara 70, upate mashua ya mita moja kwa sm 14.

Weka boila chini iwezekanavyo, katikati ya urefu. Injini ikae nyuma yake. Jaribu kwenye beseni kubwa: inamisha nyuzi 25 na uachie. Isiporudi upesi, bandika juu ya mkuku risasi zile za kusawazisha magurudumu ya gari.

Rafadha, yaani panga la kusukuma mashua, ni ya kipenyo cha mm 45, pande tatu, kutoka bamba la shaba njano la mm 0.8. Zipande kwenye kitovu ili pale penye mm 16 kutoka katikati pawe na mwinamo wa nyuzi 27. Hapo kila mzunguko utasonga mm 50 hivi kwa hesabu. Rafadha ndogo ya plastiki ya mashua ya betri haifai, imetengenezwa kwa mota inayokimbia mara kumi ya injini hii. Unganisha ekseli mbili kwa kipande cha mpira wa petroli wa pikipiki, na ujaze grisi mrija wa ekseli ili maji yasipande.

Kwenye maji

Maji ya boila yasitoke ziwani. Kivu ina chumvi nyingi za magnesi na bikaboneti. Huacha ukoko mgumu ndani ya shaba na hufanya maji yatoe povu linalokimbilia injini. Maji ya mvua ya Bukavu, yaliyokingwa baada ya paa kuoshwa na mvua ya kwanza, ni bora. Goma usitegemee mvua, kwa maana moshi wa Nyiragongo huweza kuitia asidi. Chemsha maji na ukusanye mvuke wake.

Pima mililita 150 za maji na 40 za spiriti, na usizidishe spiriti hata tone. Kiasi hicho huisha maji yakiwa bado yamo, na hii ndiyo kinga yako dhidi ya boila kuungua kavu. Kioo cha kuonyesha maji kwenye boila ndogo hudanganya kwa sababu mapovu hukwama ndani ya mrija mwembamba.

Toka asubuhi kabla ya upepo. Goma, usipige magoti kwenye mashimo ya mawe ya lava kando ya ziwa: mazuku, yaani gesi nzito ya kaboni dioksidi itokayo ardhini, hukaa humo. Mwali ukizimika bila upepo, simama na uondoke mara moja, maana gesi iliyouzima inaua mtu pia. Bukavu, kaa mbali na mahali Ruzizi inapoanzia, mkondo wake huchukua mashua.

Washa, ngoja bar 1.5, fungua mvuke kidogo na uzungushe gurudumu kwa kidole mbele na nyuma mara kadhaa ili maji yaliyotonea ndani ya silinda yatoke. Ikishapata joto itashika. Funga mashua kwa uzi wa kuvulia wa nailoni, geuza usukani nyuzi 10 iende duara pana. Usiongeze spiriti moto ukiwa unawaka.

Ikipunguza mwendo huku presha ikiwa juu, angalia mafuta na springi ya kuyumbia. Ikipunguza na presha ikishuka, moto hautoshi au mvuke unavuja usoni. Ikitema maji kwa dohani, ulijaza kupita kiasi, au mafuta yameingia ndani ya boila.

Hilo la mwisho lina chanzo chake. Boila inapopoa ikiwa imefungwa, mvuke wake hugeuka maji na ndani huwa utupu, nao hunyonya mafuta kutoka kwenye kikopo kurudi kwenye boila. Kwa hiyo moto ukizimika, ngoja kipimo kifike sifuri, fungua kizibo cha kujazia papo hapo, na umwage maji boila ikiwa bado vuguvugu ili joto lililobaki liikaushe. Ikiwa mafuta yameshaingia, ichemshe ikiwa wazi na maji yenye kijiko kimoja cha magadi soda, suuza mara tatu. Kila mwaka rudia jaribio la maji baridi, safari hii kwa bar 3, na uandike tarehe kwa msumari chini ya boila.